Uvimbe Ukishaonekana, Usiachwe Kwenye Bahasha



Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunatoka seminarini mafrateri watatu kwenda utume katika kigango kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Huko tunafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, tunafanya mazoezi na kwaya, tunatembelea wagonjwa, na Jumapili tunasaidia katika ibada pale padre anaposhindwa kufika. Mwenyeji wetu ni katekista wa kigango, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye tangu tulipofika kwa mara ya kwanza alituita "wanangu", nasi tukamwita Mama Katekista. Ameturuhusu kuandika habari zake, ila jina lake na la kigango tuyaache. Tunaandika kwa sababu tunaona aibu, na kwa sababu tunadhani jambo lililompata yeye limelala ndani ya bahasha katika nyumba za baadhi ya wasomaji wetu.

Kwa karibu miaka miwili Mama Katekista alikuwa akibadilika mbele ya macho yetu. Tumbo liliongezeka. Presha ilipanda ingawa alikuwa akimeza dawa za aina tatu, naye si mtu wa kusahau dawa. Kisha ikaja sukari. Usingizi ukamkimbia; saa nane za usiku yu macho, anasali rozari. Yeye aliyekuwa mpole akawa mkali, hata siku moja akamfukuza mwalimu wa kwaya mbele ya watoto kwa kosa la kuchelewa dakika kumi. Halafu asubuhi moja aliinua ndoo ya maji, akasikia kitu kimelia mgongoni, na tangu hapo hakunyooka sawasawa. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imevunjika, kwa ndoo ambayo amekuwa akiibeba tangu usichana.

Maneno yakaanza. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa akihesabu sadaka pamoja na mweka hazina, walisema sadaka inamnenepesha. Wengine waliona mkono wa mtu. Sisi nasi hatukuwa bora kuliko hao. Kwaresima ya mwaka juzi mmoja wetu alimtania mezani: "Mama, mwaka huu ufunge kweli, siyo kwa mdomo." Akacheka. Miezi mingi baadaye alitwambia kwamba alilia njia nzima akirudi nyumbani.

Sasa sikilizeni kilichokuwa ndani ya bahasha. Miaka miwili kabla ya ndoo ile, mama huyu alipelekwa hospitali moja akiwa na maumivu makali ubavuni. Alifanyiwa CT skani, jiwe likaonekana kwenye figo, akatibiwa, akaruhusiwa. Majibu ya picha yalikuwa ukurasa mmoja na nusu kwa Kiingereza. Kuelekea mwisho wa ukurasa wa pili palikuwa na mstari mmoja: uvimbe wa sentimita 2.9 kwenye tezi iliyo juu ya figo ya kushoto. Hakuna aliyemwambia. Pengine daktari aliyesoma alikuwa anatafuta jiwe, na jiwe alilipata. Bahasha ikawekwa chini ya godoro pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, ikalala huko miaka miwili. Ilitolewa siku daktari kijana katika hospitali nyingine, akishangaa mfupa kuvunjika kwa ndoo ya maji, alipouliza, "Mama, una karatasi zozote za zamani?"

Tezi hizo tunazo sote, mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Huitwa tezi za adrenali. Hutengeneza homoni kadhaa, na mojawapo ni kortisoli, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Kortisoli hupanda alfajiri ili mtu aamke, huanza kushuka mchana, na usiku wa manane huwa chini kabisa. Husaidia kutoa sukari ya kutumia mwili, hushikilia presha, hutuliza uvimbe wa majeraha. Ikizidi kwa miezi na miaka, yale yale mema hugeuka: sukari hubaki juu, presha haishuki, mifupa hulainika, misuli hupungua, ngozi huwa nyepesi, usingizi na hasira huharibika. Ubongo ndio unaotuma amri ya kuitengeneza na amri ya kuacha. Lakini uvimbe ukiota kwenye tezi huweza kutengeneza kortisoli bila kusubiri amri, na hausikii ukiambiwa acha.

Zamani ilidhaniwa kwamba mtu mwenye tatizo hili atajulikana kwa kumtazama. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza ugonjwa uliopewa jina lake mwaka 1912 na kwa kina zaidi mwaka 1932: uso wa mviringo, mafuta nyuma ya shingo, mistari mipana ya zambarau tumboni, mikono na miguu iliyokonda. Wanafunzi wa udaktari wanaikariri picha hiyo hadi leo, na watu wa namna hiyo wapo. Mama Katekista hakuwa mmoja wao. Ukimtazama ungesema ni mama wa makamo mwenye tumbo na presha, kama mama zetu wengi. Walio kama yeye ndio wengi, na wataalamu wamewapa jina lao: uvimbe wao hutoa kortisoli kwa kiasi, bila amri na bila dalili za wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu watu 1,305 wenye uvimbe usio wa saratani kwenye tezi hizi, ulikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa katika kundi hili, na katika kundi hilo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Hawakuwa na uso wa mviringo, ila walikuwa na presha na kisukari zaidi ya wale ambao uvimbe wao ulikuwa umetulia, na wale ambao kortisoli yao ilikuwa juu zaidi ndio waliokuwa wakihitaji dawa tatu na kuendelea ili presha ishuke.

Kwa hiyo hoja yetu ni nyepesi. Mtu yeyote ambaye picha imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya adrenali apimwe kortisoli. Asisubiri uso umgeuke. Wala hatukuitunga sisi: mwongozo wa Chama cha Ulaya cha wataalamu wa homoni wa mwaka 2016, na tena ulioboreshwa mwaka 2023, unasema hivyo kwa kila mgonjwa ambaye uvimbe wake umegunduliwa kwa bahati, picha ikiwa ilipigwa kwa sababu nyingine. Na watu hao si wachache. Mwongozo huo unakadiria kwamba katika umri wa miaka 50 wenye uvimbe wa namna hii ni karibu 3 kati ya 100, na kwa wazee huweza kufika 10 kati ya 100. Kadiri mashine za CT zinavyoongezeka katika nchi zetu, ndivyo mistari ya namna ile itakavyozidi kuandikwa. Swali ni nani atakayeisoma.

Kipimo chenyewe kilitushangaza kwa udogo wake. Saa tano usiku mgonjwa anameza deksamethasoni miligramu 1. Mama Katekista alipewa vidonge viwili vya nusu miligramu. Ni dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, ile ile ambayo mwaka 2020 ilionekana kuokoa wagonjwa mahututi wa korona. Inafanana na kortisoli, hivyo ubongo ukiiona husema inatosha, na tezi zenye utii hunyamaza usiku ule. Asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu inatolewa damu. Tezi ikiwa imetii, kortisoli hukutwa haizidi nanomoli 50 kwa lita, ambazo maabara nyingine huandika mikrogramu 1.8 kwa desilita. Ikizidi hapo, kuna kitu kinachozalisha bila amri, na uchunguzi unaendelea. Ya Mama Katekista ilizidi kiwango hicho zaidi ya mara tatu.

Si kipimo kisichokosea, na hapa lazima tuwe waangalifu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha namba bila ugonjwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu wanayomeza ndugu zetu wengi, huharakisha mwili kuiondoa deksamethasoni, na asubuhi majibu yanaonekana mabaya kumbe dawa haikukaa. Baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo hivyo. Mlinzi anayekesha zamu za usiku, mtu mwenye sonona nzito, mtu anayekunywa pombe sana, nao wanaweza kudanganya kipimo. Kwa hiyo daktari aambiwe dawa zote. Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo wengi huficha hata kwa baba wa kiroho: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huwa na steroidi kali, ndugu wa karibu wa kortisoli, na zikipakwa mwili mzima kwa miaka huingia kwenye damu, zikamletea mtu ugonjwa ule ule wa Cushing bila uvimbe wowote. Kadhalika vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri, na unga wa viungo unaodaiwa kuwa mitishamba mitupu. Aliyezoea vitu hivi asiviache kwa siku moja baada ya kusoma makala hii. Tezi zake zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kumuua. Aende akaseme ukweli hospitalini, apunguziwe taratibu.

Tuseme pia kwamba uvimbe kwenye tezi hii si hukumu ya kifo. Mwingi si saratani, na mwingi hautoi homoni yoyote. Saratani ya tezi yenyewe ipo lakini ni nadra, na mtaalamu huikadiria kwa ukubwa wa uvimbe na jinsi unavyoonekana kwenye picha. Tunaeleza hili kwa sababu tulipomsomea Mama Katekista ule mstari, neno la kwanza alilotamka lilikuwa "Mpako wa Wagonjwa".

Tulipolizungumza jambo hili bwenini, ndugu zetu wawili walitupinga vikali, na hoja yao ilikuwa na uzito. Walisema: katika vigango vyetu kuna watu wenye presha ambao hawajawahi kupimwa hata mara moja, kuna wajawazito wanaokufa njiani, nanyi mnataka tushughulike na tezi ambayo nusu ya parokia haijui kwamba ipo? Tulifikiri usiku mzima. Kama tungekuwa tunataka watu wote wapimwe kortisoli, wangekuwa na haki kabisa. Ungekuwa upotevu wa mali ya maskini, na majibu ya uongo yangewatia hofu wengi. Lakini tunazungumzia wachache ambao uvimbe umekwisha kuonekana. Picha yao imekwisha kulipiwa, mara nyingi kwa kuuza mbuzi au kwa mchango wa jumuiya. Kulipa gharama yote ile halafu kukataa vidonge viwili na kipimo kimoja cha damu, hiyo si kubana matumizi. Mama Katekista alikuwa analipia dawa tatu za presha na moja ya sukari kila mwezi, na uti wa mgongo wake hauna bei. Hata hivyo hoja yao moja imebaki mikononi mwetu bila jibu: maabara nyingi za wilaya hazipimi kortisoli, damu husafirishwa mbali, na kuna mtu atakayeshindwa nauli. Kwa huyo makala haitoshi.

Kuna habari ya Roma ambayo imekuwa ikiturudia. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kueleza tezi hizi ni Bartolomeo Eustachi, mwalimu wa anatomia huko Roma, katika maandishi yake ya mwaka 1563 na 1564. Alikuwa amechongesha pia mabamba ya shaba yenye michoro ya mwili wa binadamu, ya kushangaza kwa usahihi wake. Alikufa mwaka 1574 kabla ya kuyachapisha mengi ya hayo. Yalikaa zaidi ya miaka 150, mpaka Papa Klementi XI alipompa daktari wake, Giovanni Maria Lancisi, naye akayachapisha mwaka 1714. Wanahistoria husema anatomia ingepiga hatua mapema zaidi kama yangetoka kwa wakati wake. Mchoro ulikuwepo, umekamilika, umehifadhiwa vizuri. Tunapokumbuka ile bahasha chini ya godoro, tunajiuliza kama tumejifunza chochote tangu wakati wa Eustachi.

Jambo lingine limetusumbua kama wanafunzi wa falsafa, na tunaomba uvumilivu wa wasomaji wasio na hamu nayo. Darasani tulicheka tuliposoma kwamba Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1649 juu ya maono ya nafsi, aliweka kiti cha roho kwenye tezi moja ndogo katikati ya ubongo. Ilionekana rahisi mno. Mtakatifu Tomaso wa Akwino tulimwelewa vizuri zaidi: roho ni umbo la mwili, na hasira, huzuni na woga huja pamoja na badiliko la mwili. Mtihani tulipita. Lakini mama mmoja aliyekuwa hapati usingizi alipomfokea mwalimu wa kwaya, hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka Tomaso. Tulisema amekuwa na kiburi. Alituambia kwamba kwa mwaka mzima aliungama dhambi ile ile ya hasira, kila mwezi, akidhani anakataa neema. Hatusemi kwamba kila dhambi ina tezi yake; mtu hubaki na hiari, na yeye mwenyewe alimwomba msamaha mwalimu wa kwaya hata baada ya kujua. Ila tunasema tulihukumu mwili wa mtu kana kwamba tumeusoma, kumbe hata karatasi yake hatukuifungua.

Baada ya kipimo kile mambo hayakwenda haraka. Walipima homoni ya ubongo inayotoa amri, wakaikuta chini, ishara kwamba kosa ni la tezi. Walipima pia kama uvimbe hautoi homoni za jamii ya adrenalini, kwa sababu uvimbe wa aina hiyo ukifanyiwa upasuaji bila maandalizi presha hulipuka mezani. Kwa kuwa ana presha, walipima na aldosteroni, homoni nyingine ya tezi hiyo hiyo inayoshikilia chumvi. Damu ilisafirishwa, majibu yakachukua wiki tatu. WAWATA wa parokia walichanga, wakiwemo baadhi ya waliokuwa wakisema habari za sadaka. Si kila mwenye hali kama yake hupelekwa kwenye upasuaji. Madaktari huangalia umri, ukubwa wa madhara na hiari ya mgonjwa, na wengine hubaki kutibiwa presha na sukari kwa bidii zaidi. Kwake, mfupa uliovunjika ndio ulioamua. Tezi ilitolewa kupitia matundu madogo.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Tezi ya kulia ilikuwa imelala kwa muda mrefu, ikawa haijui kazi. Alipewa haidrokotisoni ya kumeza na kuonywa asiruke hata siku moja, na akipata homa au akitapika aende hospitali mara moja na kusema kwamba anaitumia. Alikuwa mchovu kiasi cha kukaa chini katika Injili. Alikaa hivyo miezi saba. Leo anatumia dawa moja ya presha. Sukari imepungua lakini haijaondoka. Mgongo umebaki vile vile, na ndoo anabebewa na watoto wa Kipaimara kwa zamu.

Sisi tumebadilisha kidogo namna yetu ya kutembelea wagonjwa. Tukimaliza sala tunauliza kama nyumbani kuna karatasi za picha, ultrasaundi au CT, na kama kuna mtu aliyewahi kuwasomea zote hadi chini. Hatutafsiri ugonjwa, hiyo si kazi yetu. Tunasoma Kiingereza, na tukiona neno la tezi ya adrenali tunaandika kijikaratasi chenye swali moja la kumpelekea daktari: je, uvimbe huu umepimwa kortisoli? Tumemwomba paroko ruhusa, akakubali kwa sharti kwamba tusimwambie mtu yeyote neno "saratani" na kwamba anayeshika karatasi za mtu asizisimulie barazani. Tungependa jumuiya nyingine zifanye hivyo, hasa mahali penye muuguzi au tabibu mstaafu, ambaye ataisoma vizuri kuliko frateri wa falsafa.

Jumamosi iliyopita tulikuta mzee wa jumuiya jirani amekaa barazani kwa Mama Katekista, bahasha ya kaki magotini. Picha yake ilipigwa baada ya ajali ya pikipiki. Uvimbe wa sentimita 1.8, upande wa kulia, na presha anayo tangu mwaka 2019. Mama Katekista alikuwa amekwisha kumwandikia swali kwa mkono wake, nyuma ya kikaratasi cha michango. Miadi yake hospitalini ni Jumatano, na nauli amepata.